Bibi Saba wa Kutoka Morisi

Nimefundisha historia miaka ishirini na sita, na katika muda huo sijafika mahali popote ninapopafundisha, ukiondoa Kilwa mara moja, na nilipofika Kilwa nikaumwa tumbo. Kwa hiyo mada ya visiwa vya sukari niliifundisha kama ninavyofundisha mada nyingine zote, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

Mada yenyewe haina mambo mengi. Morisi hakukuwa na mtu. Waholanzi walifika, wakakata mpingo, wakamla ndege mmoja mnene asiyeweza kuruka mpaka akaisha, wakapanda miwa, maisha yakawashinda, wakaondoka. Miwa ikabaki. Wakaja Wafaransa, na kwa kuwa hawakutaka kuilima wenyewe, wakaenda kununua watu Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii, Kilwa. Wakaja Waingereza, wakakiteka kisiwa, wakawaachia Wafaransa mashamba, lugha na kanisa. Utumwa ulipofutwa, waliolipwa fidia ni wenye watumwa, kwa kuwa wao ndio walionekana wamepata hasara. Kisha wakaletwa Wahindi kwa mikataba wasiyoweza kuisoma. Wanafunzi huandika yote hayo katika sentensi fupi fupi, nami husahihisha.

Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi aliyehamia mjini Morogoro kutoka Turiani, binti wa mkata miwa. Alikuwa haulizi swali kwa kutaka kuonekana. Siku ya mada hiyo alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kama kisiwa kizima ni miwa, walikuwa wanakula nini?"

Nikamwambia hilo ni swali zuri. Hivyo ndivyo mwalimu anavyosema asipojua.

"Kwetu angalau kuna mpunga," akaongeza, akakaa.

Swali lile lilinikera wiki nzima, kwa sababu lilitakiwa liwe langu. Mwishowe nikaliuliza mtandaoni, kwenye kundi la watu wa visiwani wanaotafuta asili zao. Nilijibiwa na mzee mmoja wa Morisi, mstaafu wa kiwanda cha sukari. Aliandika: "Mihogo. Mpaka leo siigusi." Tukaanza kuandikiana, Kiingereza chake kikiwa na Kifaransa ndani na changu kikiwa na Kiluguru.

Alikuwa mjane, na watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamehamia Ulaya. Alikuwa amechemsha maji ya miwa maisha yake yote ya kazi, na sasa alikuwa na muda. Alitaka kujua watu wake walitoka wapi. Makaratasi ya wenye mashamba yalisema "Msumbiji", lakini yalisema hivyo kwa karibu kila mtu aliyeshushwa kutoka upande huu. Ni sawa na kuandika kwamba abiria anatoka stendi.

Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna atakayejua. Watu walikamatwa bara, wakatembezwa mpaka pwani, wakauzwa. Wengine walipanda milimani kujificha, na milima hiyo ni pamoja na hii ya kwetu Uluguru, na wapo ambao hawakuwahi kufika juu. Zaidi ya hapo ningekuwa natunga. Alinishukuru, akaendelea kuandika, na mimi nikaendelea kujibu. Sikuwa na rafiki mwingine wa kuzungumza naye habari za sukari.

Siku moja nilimwarifu kwamba sitajibu kwa siku chache kwa sababu napanda kijijini, upande wa Matombo. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwamba kila mwezi wa Shabani, kabla ya Ramadhani, ukoo wetu hukutana kuwarehemu wazee wetu. Tunapika, tunasoma dua, na majina ya waliotangulia yanasomwa moja moja kutoka kwenye daftari, watu wanaitikia amina. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida sana, kama kueleza kwamba kwetu mvua hunyesha.

Zilipita siku mbili. Halafu akauliza kama wa kwake wangeweza kusomwa. Hata mara moja tu. Alisema watu wake waliitwa maisha yao yote, ila waliitwa kazini. Hakuna aliyewahi kuwaita kwa sababu ya kuwakumbuka tu.

Nilifikisha ombi lile kwa mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na mtunza daftari. Daftari lenyewe hulihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku haujulikani ulipo mpaka yeye mwenyewe autafute. Mjomba hakukataa. Mjomba huwa hakatai, anaweka masharti.

"Daftari hili si la msafara," alisema. "Mtu anaingia humu akiwa ameshikwa mkono na aliyemzaa, na huyo ameshikwa na aliyemzaa yeye. Mwambie alete wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule aliyevushwa bahari. Wakikatika katikati, basi."

Mimi ni mwalimu. Nikichanganyikiwa nachora jedwali. Nilimchorea jedwali zuri lenye visanduku: Baba. Baba wa baba. Baba wa babu. Kila kisanduku na nafasi ya mwaka na mahali. Nikamtumia, nikamwambia akilijaza mpaka juu, watu wake watasomwa.

Alilihangaikia jedwali lile kwa miaka miwili na zaidi. Baba yake alimjua. Babu yake alimpata kwenye cheti, na palipotakiwa jina la baba wa babu, waliandika hajulikani. Akajaribu parokia, makaburi, nyaraka za mashamba, wazee wenzake. Hajulikani. Kila mara aliniandikia kwa kuomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyempoteza. Mimi nikawa namjibu kwamba aendelee kutafuta. Nilikuwa mkali kidogo, kama ninavyokuwa kwa wanaoleta kazi ya nyumbani nusu nusu. Mara moja aliniuliza kama orodha ya akina mama ingefaa kitu. Nikamjibu kwamba aiweke pembeni kwanza, tumalize jedwali.

Kisha akaandika kwamba anakuja. Daktari alikuwa amemwambia jambo kuhusu moyo wake, akaona si vyema kusubiri mpaka apatikane baba wa babu. Jedwali lingebaki wazi, lakini alitaka angalau awepo wakati wazee wa wengine wanasomwa.

Alifika Morogoro akiwa na begi dogo, kofia ya majani na jalada la plastiki alilolikumbatia muda wote. Alikuwa mfupi, mweusi, na ukimwona sokoni usingemgeukia. Hilo lilimfurahisha kuliko chochote. Alisimama sokoni nusu saa nzima bila kununua kitu, akifurahia kutotazamwa.

Nilikuwa nimemfundisha neno moja, shikamoo, na nikasahau kumweleza la nani kwa nani. Alimwamkia muuza vitunguu. Alimwamkia askari wa usalama barabarani. Aliwaamkia watoto wa shule ya msingi waliokuwa wanapita na ndoo, mzee wa miaka sabini na ushee, kofia mkononi, na wale watoto wakaitika "Marahaba" kwa utulivu kabisa, kama waliokuwa wakiisubiri haki yao kwa muda mrefu.

Kabla ya kupanda milimani aliomba aione miwa. Tukaenda Turiani. Kwenye shamba la mkulima mmoja mdogo walikuwa wanakata, akawatazama kwa muda, uso ukabadilika. Akaniomba niwaambie wanakata juu mno. Sukari imekaa chini, alisema, karibu na udongo, wanaiacha kwenye kisiki. Nikawaambia. Mmoja wa wakataji, mtu mzima aliyejifunga kitambaa kichwani, akajiegemeza kwenye panga lake.

"Huyu baba ni nani?"

"Mgeni. Katoka Morisi."

"Anaongea kama mnyapara."

Mzee akataka kujua amesema nini. Ningeweza kumdanganya, lakini nilimwambia: mnyapara ni msimamizi anayewasimamia wengine wakifanya kazi. Akasema kwao pia walikuwepo, na fimbo zao zilikuwa na majina. Kisha akamwomba yule mkataji radhi, nami nikatafsiri, na mkataji akasema hamna neno, ila wao wanalipwa kwa tani na mgongo unauma kuinama. Alimkatia kipande cha muwa. Mzee akatafuna, akasema ni mtamu kuliko wa kwao, na nikajua anadanganya kwa adabu.

Tulipanda kwa gari la kukodi mpaka barabara ilipokataa, kisha kwa bodaboda. Mama yangu tulimkuta uani anamenya ndizi. Ana miaka themanini na kitu na hapendi kusaidiwa kumenya.

"Shikamoo, mama," alisema mzee, na safari hii alikuwa amempata mtu sahihi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akapewa kigoda. Akakaa na jalada lake magotini. Mama aliendelea na ndizi, akimtazama kwa pembeni.

"Mbona amekaa kama aliyefiwa?"

Nikamweleza mama kwamba mgeni ameshindwa kuleta walioshikana mikono. Ametafuta miaka, baba zake wamekatika, na sasa anaona aibu kumsalimu mjomba. Mzee, kwa kuona anazungumzwa, akaomba nimfafanulie mama kwamba hakuwa mvivu. Tatizo ni makaratasi. Katika sheria ya wenye mashamba, mtoto alikuwa mali ya yule anayemmiliki mama. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji kujua mama tu. Baba angeweza kuwa yeyote, hata mwenye shamba mwenyewe, na hilo halikuandikwa. Waliandika mama na mtoto wake, mama na mtoto wake, kama mtu anavyohesabu ng'ombe wake. Na hata baada ya utumwa kwisha, kwao ndoa zilichelewa, mazoea yakaendelea. Alisema haya taratibu, akitazama chini, na mimi nikatafsiri taratibu.

Kisu cha mama kikasimama.

"Akina mama wameandikwa wangapi?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza. Mzee alifungua jalada, akapekua chini kabisa, chini ya karatasi zote za kutafuta baba, akatoa moja. Mama yake. Mama wa mama yake. Akahesabu kwa kidole. Wanawake saba, mpaka yule aliyeshushwa melini.

"Wamefuatana?"

"Wamefuatana."

"Hakuna aliyekatika katikati?"

Nikamuuliza mzee. Hakuna.

Mama akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unamtafutisha nini miaka yote hiyo?"

"Baba zake."

"Wa nini?"

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Lukolo, yaani ukoo wenyewe, hutoka kwa mama, shamba hutoka kwa mama, na mkubwa wetu ni mjomba. Katika daftari lile la kwenye mfuko wa nailoni hakuna baba hata mmoja aliyeingia kwa ubaba wake. Baba yangu mwenyewe, niliyempenda na kumzika, hayumo. Yeye anasomwa kwao, kwa ukoo wa mama yake. Haya nimeyajua kabla sijajua kupenga kamasi. Lakini nimeishi kwa kujaza fomu, na kila fomu niliyojaza tangu nianze shule iliuliza jina la baba, basi nilipoambiwa nimtafutie mtu aliyemzaa, mkono wenyewe ukaandika baba. Mwenye shamba wa Kifaransa, kwa sababu zake mbaya, alikuwa ameandika ukoo kwa namna ya kwetu kuliko mimi. Niliona aibu, na si aibu ndogo.

Mzee akauliza kuna nini. Nikamwambia wamekamilika. Akasema hapana, baba hawapo. Nikamwambia baba hawahitajiki. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaishikilia kwa mikono miwili. Nikamwambia pia kwamba kosa lote ni langu. Hilo alilielewa mara moja, wala hakubisha.

Mjomba alikuja alasiri, akasoma orodha akiwa ameisogeza mbali na macho.

"Hawa ni Wakristo?"

"Walibatizwa walipofikishwa."

"Waliulizwa?"

"Hawakuulizwa."

"Basi hilo si langu kuamua." Akaendelea kusoma. "Na ni wetu?"

"Hatujui, mjomba. Hakuna atakayejua."

"Sawa. Ni wa watu." Akamrudishia mama karatasi.

Aliyebaki na shida alikuwa mama, na shida yake ilikuwa yule wa kwanza. Wengine walizaliwa kulekule, na huenda mama zao walikuwa na kauli. Lakini wa kwanza alifika akiwa mtu mzima, ana jina lake, na waliomnunua wakampa jina la mwezi walioununua mzigo ule. Mama alinifanya nilisome mara mbili.

"Nikiliita hilo," alisema, "ataitika nani? Si lake."

Akaamua yule aandikwe Bibi tu, maana hilo hakuna aliyempa, ni haki yake kwa kuzaa. Mjomba aliutafuta ufunguo. Nikakabidhiwa daftari niandike, kwa kuwa nina mwandiko mzuri na, kama mama alivyosema, nina deni la usumbufu. Nikaandika Bibi, kisha wale sita waliofuata, hadi mama wa mzee.

Nilipofunga kalamu, mama akauliza, "Ana dada?"

Mzee alisema alikuwa naye mmoja. Alifariki kijana, hakuacha mtoto.

"Na wanawe wale wa Ulaya?"

"Wa kiume, mama."

"Hao ni wa kwa mama yao." Mama alikusanya maganda ya ndizi kwenye ungo, bila haraka. "Acha mstari mmoja chini."

Mzee akaniuliza mama amesema nini. Kwa mara ya pili safari ile ningeweza kumdanganya. Nilimwambia: amesema niache mstari mmoja, kwa ajili yako. Alifikiri.

"Mmoja tu?"

Nikamuuliza mama, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Mmoja."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu wa kiwanda aliyeambiwa kwamba gari la mwisho la msimu limeshaingia. Akasema unatosha.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wazee walisomwa. Wetu kwanza, na ni wengi, na mjomba hana haraka. Mzee alikaa jamvini kati ya binamu zangu, kofia mapajani, na kila amina aliitikia nusu hatua nyuma ya wengine. Walipofikiwa wa kwake hakuitikia. Mdomo ulifunguka tu. Binamu zangu wakaitikia kwa nguvu zaidi, bila kuambiwa, na wale wanawake saba wakasomwa mpaka mwisho na watu wasiowahi kuiona bahari, achilia mbali meli. Baadaye alikula sahani mbili za ubwabwa. Alipoletewa mihogo alishukuru, akaisogeza kwangu.

Alirudi kwao. Tuliandikiana miezi tisa, mambo ya kawaida: mvua, bei ya sukari, kwa nini darasa langu halina ramani. Mwanawe ndiye aliyeniandikia barua ya mwisho, fupi, kwa Kiingereza kizuri. Nilikuwa chumba cha walimu. Nililia mbele ya mwalimu wa hesabu, ambaye alitoka nje kwa heshima na kunifungia mlango.

Shabani iliyofuata macho ya mjomba yalikuwa yameshazidiwa, akanipa mimi nisome. Nilisoma wa kwetu wote. Nikasoma Bibi, nikasoma wale sita. Kisha nikafika kwenye ule mstari niliokuwa nimeujaza asubuhi kwa mwandiko wangu mzuri, na sauti haikutoka vizuri. Baadhi wakaitikia amina kwa kukisia.

"Rudia," alisema mama kutoka upande wa wanawake. "Hatujasikia jina."

Nikarudia.